Macho ya Kuazima

Watu kumi na wanne walipigwa picha Jumatatu ile katika studio ya Philémon, mtaa wa Nyawera mjini Bukavu, na wote kumi na wanne wakatoka wamefumba macho.

Zilikuwa picha za kitambulisho. Kila mmoja alikaa kwenye kigoda, akakaza shingo, akaambiwa asipepese, na Philémon, aliyeianza kazi hii tangu enzi za Wabelgiji, hakubonyeza mpaka alipoyaona macho mawili yakimtazama sawasawa. Mtu mmoja kufumba ni kawaida. Wawili, tuseme vumbi la barabarani. Lakini kumi na wanne, na kati yao sajini mmoja ambaye hata kupiga chafya hujiamuru kwanza? Emérence, mkewe, aliiinua filamu mbele ya balbu ikiwa bado inachuruzika maji, akahesabu mara mbili, akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na tutaifikia.

Philémon alipiga, Emérence alirekebisha. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi kwa miaka ishirini. Kwa penseli kali, wembe na brashi yenye nywele tatu, aliondoa chunusi, akajaza mashavu yaliyobonyea kwa malaria, akawapunguzia mabwana wakubwa videvu. Tangu serikali ilipopiga marufuku tai, wanaume walimletea picha zao za zamani awavue tai na kuwachorea kola ya abacost, koti lisilovaliwa na tai, na yeye alipenda kusema kwamba Bukavu nzima imevuliwa na mwanamke mmoja. Aliijua kazi, na alijua kwamba anaijua. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya.

Hata wafu walipita mikononi mwake. Kuna wazee wa milimani ambao hawakuwahi kupigwa picha maisha yao yote. Wakifa, jamaa humwita mpiga picha kabla sanduku halijafungwa, kisha mrekebishaji huwafungua macho kwa rangi, ili siku ya kumaliza matanga pawe na sura ya kuweka ukutani juu ya maua. Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja, ambalo Philémon alilipata kwa mzee aliyemfundisha: macho ya marehemu huchorwa kwa brashi, hayachukuliwi kwa mtu aliye hai. Emérence alilisikia sharti hilo mara mia, akaliona ni la kizee tu.

Wiki tatu kabla ya Jumatatu ile alikuja Martine, mjane wa Alphonse, mfanyabiashara wa kahawa kule Kalehe ambaye walimzika na kiko chake mfukoni. Alitazama macho ambayo Emérence alikuwa amemchorea marehemu, kisha akairudisha picha mezani.

“Huyu haiko bwana yangu, maman,” alisema. “Huyu ni mutu wa kuchora tu. Haniangalie.”

Ilikuwa Alhamisi. Matanga yalikuwa yanamalizwa Jumamosi, na ukoo mzima ulikuwa unavuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi. Emérence aliumia, maana hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Philémon alipotoka, mkewe alifungua sanduku la nguo, akatoa picha ya Philémon ya mwaka ule alipokuwa anamposa, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye macho mapole ambayo yako tayari kuomba radhi hata kabla ya kosa, akayakata yote mawili kwa wembe. Akayabandika juu ya kope za Alphonse, akalifunika kovu dogo la kope ya kushoto, akapaka rangi kwenye maungio, akaipiga picha upya, akaikuza. Hata wewe ungeitazama usingeona palipoungwa. Martine alipoiona aliketi sakafuni.

“Hata akiwa muzima hakuniangalia hivi,” alisema huku analia, na Emérence akajivuna.

Sasa turudi kwenye filamu ile. Jumanne wateja walifumba wote tena. Jumatano Philémon aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera kubwa ya miguu mitatu, akakawia huko, mpaka bibi harusi aliyekuwa amekaa akaanza kukohoa. Alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

“Mama Gaston,” alimnong’oneza mkewe, kwa jina la mtoto wao aliyekuwa anasoma Lubumbashi, “kuya uangalie mu hii kamera. Kuko nyumba ndani.”

“Nyumba gani?”

“Ukuta wa bluu. Meza ya maua. Kuko mwanamuke anafagia, na kila saa anaacha, ananiangalia.”

Emérence aliinama chini ya kitambaa. Alimwona bibi harusi, kichwa chini miguu juu, kama kamera ile ilivyoonyesha watu siku zote. Alisema haoni nyumba yoyote, na hapo alisema kweli.

Kuanzia siku hiyo nyumba haikukaa tena ndani ya kamera. Ilimjia Philémon mezani, ikamjia njiani, ikamjia kanisani padri alipoinua mikono. Kila siku aliiona Bukavu kidogo na nyumba ile zaidi, na jioni, mwanamke yule alipofunga madirisha yake, Philémon aliachwa gizani hata taa ikiwaka mbele ya pua yake. Daktari alimchungulia kwa mashine, akasema macho ni mazima. Mazima yalikuwa, ila hayakuwa hapa. Na mpiga picha asiyeona atakula nini, atakuwa nani? Emérence alimshika mkono kumpeleka msalani, na mumewe akamshukuru, na shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Kisha studio ikaanza kunuka. Kwanza magunia ya kahawa, halafu tumbaku ya kiko, humo ambamo hakuna mtu aliyewahi kuvuta. Emérence alikuwa anawapiga wateja mwenyewe sasa, naye pia walimfumbia. Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, jua likiwaka na wauza ndizi wakigombana mlangoni, alijifungia katika chumba cha giza na picha ya msichana mmoja wa shule, akaitia karatasi kwenye dawa, akatikisa sinia polepole, na uso ukaanza kuja kama zinavyokuja zote, kwanza nywele, kisha kola, kisha mdomo, na macho yamefumba, hilo alilitarajia, ila chini ya taa nyekundu aliona jambo ambalo wiki nzima alikuwa amekataa kuliona, kwamba kope zile hazikuwa za msichana, zilikuwa nene na zenye mikunjo, na ya kushoto ilikuwa na kovu dogo, na nyuma yake, kati ya mlango na mgongo wake, mahali pasipoenea mtu, kitu kikagongwa mara mbili kwenye ubao, taratibu, kama mzee anayetoa majivu kwenye kiko, naye akataka kuichomoa karatasi lakini vidole vikakataa, kwa kuwa kope zilikuwa zinafunguka, na ndani yake hamkuwa na mboni wala kiini, palikuwa peupe tu, weupe wa karatasi tupu, na weupe ule ulikuwa unageuka huku na huku unamtafuta.

Alitoka mbio na kuuacha mlango wazi. Karatasi zote za akiba zikaharibiwa na mwanga.

Adélaïde aliuza makaa katika mtaa wa Kadutu na kuimba kwaya siku za Jumapili. Waliosumbuliwa na mizimu walimwendea kwa mlango wa nyuma, ili wenzao wa kwaya wasiwaone. Alimsikiliza Emérence mpaka mwisho, mikono ikiendelea kupanga makaa.

“Ulimupatia mufu macho ya mutu muzima,” alisema chinichini. “Sasa anaona. Na mwenye macho naye anaona kile mufu anaona.”

“Nitayabandua leo, maman.”

“Ukiyatosha bure, bila kumupatia ingine, atayafuata. Ameisha kuzoea kuona. Atakuya kuyakamata, na mwenyewe pamoja.”

“Nimuchoree ingine?”

“Ya kuchora haione. Tafuta mutu atakubali kutoa yake. Bwana yako hakukubali, uliyaiba, njo maana muzimu anazungukazunguka kwenu. Ya kutoa kwa roho safi itamutuliza.”

“Na ule mutu atakuwa namna gani?”

Adélaïde alijifuta mikono kwa kitenge. “Ule mutu ataona Kalehe.”

Emérence aliteremka hadi Nyawera akipishana na watu wengi wenye macho, na hakumtazama hata mmoja. Philémon alikuwa amekaa mlangoni pa studio, uso kwenye jua, akisikiliza barabara. Alizitambua hatua za mkewe, akatabasamu, lakini alitabasamu pembeni kidogo, mahali ambapo mkewe hakuwepo.

“Ni weye, Mama Gaston?”

“Ni mimi,” alijibu, na akalia bila sauti ili asisikike. Alimpenda mtu huyu. Na aliyeiba alikuwa yeye.

Jumamosi alichukua picha yake ya ndoa, akayakata macho yake. Aliyabandua ya Philémon kwa maji ya uvuguvugu, akayarudisha kwenye uso wake wa ujana, akambandika Alphonse ya kwake. Akaipiga, akaikuza kuliko ile ya kwanza, akaipaka rangi kwa mkono. Kwenye dawa hakuna kitu kilichofunguka. Harufu ya kiko ilipungua mpaka ikabaki ya dawa peke yake.

Jumapili alipanda camionnette ya abiria hadi Kalehe. Ukuta ulikuwa wa bluu kweli. Kabla picha ya zamani haijapata kumwona, aliifunika kwa kitenge, huku akijua kwamba Bukavu kuna mtu ambaye mchana umemzimikia ghafla.

“Hii itageuka manjano,” alimdanganya Martine. “Haikuoshwa muzuri. Nimekuletea kubwa, na rangi yake.”

Martine aliitazama mpya muda mrefu. Alisema ni nzuri, kwa sauti ya mtu aliyepewa kikombe kisicho chake. Emérence aliitundika kwa mikono yake mwenyewe, akaichukua ile ya zamani, akaiteketeza ufukweni mwa ziwa kabla gari halijarudi.

Aliporudi alimkuta Philémon amesimama katikati ya barabara, anasoma vibao vya maduka kwa sauti kubwa, kimoja baada ya kingine, na wapita njia wanamcheka. Emérence aliona kwamba hajawahi kufurahi hivyo tangu kuzaliwa kwa Gaston. Jumatatu walikuja watu tisa, na wote tisa walitoka wamefumbua. Hakumwambia mumewe kitu.

Nyumba ya bluu ilimjia Jumanne, kidogo tu, juu ya sufuria. Jumatano ikamjia mara nne. Alijipa moyo. Martine ni mtu wa kufungua madirisha asubuhi, na anapenda kukaa mbele ya picha; mtu anaweza kuzoea kumtazama mwanamke anayefagia, na siku nyingine pengine ataona mvua kupitia mlango ule.

Alhamisi mchana alikuwa na brashi mkononi, Philémon anamnyoosha mteja mabega, studio ilipomwondoka yote. Martine alikuwa mbele yake, karibu sana. Hakuwa anafagia. Aliinua kiganja, akaufunika mdomo na pua ya Alphonse, akabakiza macho peke yake, akayatazama hayo tu. Emérence aliona uso wa mjane ukikunjamana, kwanza kwa mashaka, kisha kwa hofu, kisha kwa hasira ya mke aliyemkuta mwanamke mwingine chumbani mwake. Alijaribu kumwomba, kwa macho, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuombea. Martine aliishika fremu kwa mikono miwili, akaitoa kwenye msumari, akaigeuza uso ukutani. Chumba kilizunguka. Ukuta wa bluu ukasogea, ukasogea, mpaka ukawa mweusi.

“Mama Gaston,” Philémon alisema, sauti yake ikitoka mahali fulani upande wa kulia, “brashi yako imeanguka.”

“Niko,” alijibu. “Niko hapa.”

“Minakuona,” Philémon alicheka. “Siku hizi minakuona muzuri kabisa.”

Emérence aligeuza uso kuelekea ile sauti, akashika ukingo wa meza, akaanza kungoja Martine abadili nia.