Maji ya Kituo cha Gwasi

Springi ya mbele ilikatika saa moja na nusu asubuhi, kwenye mteremko wa mawe chini ya kilima cha Gwasi, na kabla dereva Maroa hajauwahi usukani Landrova ilikuwa imelala ubavu ndani ya korongo. Vumbi lilipotua, Onsongo, fundi wa simu kutoka Homa Bay, alijikuta mzima. Dereva wake hakuwa mzima. Chuma kilikuwa kimempasua paja, na damu ilitoka taratibu, kama kitu kisicho na haraka.

Onsongo alivua shati, akalikunja, akalikandamiza juu ya jeraha na kulifunga kwa mshipi.

"Maji?" Maroa aliuliza.

Galoni la maji ya kunywa lilikuwa limepasuka. Lililosalia lilikuwa dumu la lita kumi la maji safi ya kuongezea betri za kituo cha simu walichokuwa wakikiendea, yasiyo na asidi wala ladha.

"Haya yanaua?"

"Hayaui. Ni maji tu."

"Basi nipe. Kwetu Ntimaru tumekunywa mabaya kuliko hayo."

Chini yao bonde la Lambwe lilitandaza nyasi zake za Januari, manjano na ndefu kiasi cha kumficha nyati. Mbung'o walikuwa wameshaigundua damu. Kufika Magunga kwa miguu kungechukua nusu siku. Kituo, chenye simu ya mafundi, kilikuwa juu yao, mwendo wa saa mbili.

Hakuna mtu ambaye angewatafuta. Kituo hicho kilipokea sauti kutoka Homa Bay na kuzirusha Magunga. Waliopiga simu hawakujua kwamba maneno yao hupitia kibanda cha bati chenye betri kumi na mbili zinazohitaji kunyweshwa kama ng'ombe. Ukaguzi wa kila wiki ulipangiwa Jumamosi. Onsongo alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na siku ya Sabato hakufanya kazi. Angeweza kumwomba mkubwa wake siku nyingine. Hakuomba. Kila Ijumaa alasiri alijaza fomu, akaitia tarehe ya kesho yake, akaweka saini, akaenda nyumbani kuoga kabla ya jua kutua. Aliilinda amri ya nne, ya Sabato, kwa kuivunja ya tisa, ya kutosema uongo, na kwa miezi mitano jambo hilo halikumnyima usingizi.

Ijumaa usiku simu za Magunga zilinyamaza. Fomu ya Jumamosi ilikuwa tayari imewasilishwa, ikisema mitambo yote ni mizima. Ndiyo maana Jumapili hii waliondoka alfajiri bila kuandika safari katika kitabu cha magari, ili kituo kiwe kimepona kabla ya Jumatatu.

"Nilijua tangu Septemba," Maroa alisema. "Gari haikuwa inamaliza mafuta."

"Mbona hukusema?"

"Na mimi si nilikuwa napumzika? Panda, mzee wa kanisa. Mimi nitawalisha hawa mbung'o nikikungoja."

Onsongo alimjazia chupa mbili, akabeba dumu begani. Mawe yalikuwa yameanza kuchoma kupitia soli. Ulimi wake ulivimba, na maji yakaendelea kuchezacheza karibu na sikio lake. Hakunywa. Hakuna ushujaa hapo. Alijua tu ni miezi mingapi betri zile hazikunywa.

Kibandani alikuta nyavu za buibui mlangoni, bila hata uzi mmoja uliokatika. Paneli za jua zilikuwa zimefunikwa na vumbi na mavi ya ndege. Alipofungua vifuniko vya betri aliona sahani za madini ya risasi zimejitokeza nje ya maji, kama mbavu za mfugo wakati wa kiangazi. Aliinua mkono wa simu. Haukutoa hata mkwaruzo.

Alinywesha betri moja baada ya nyingine. Dumu lilipobaki na kiasi cha kikombe kimoja, alilitazama kwa muda, kisha akalimimina katika ile ya kumi na mbili. Alifuta paneli kwa fulana yake, akaketi kwenye kivuli chembamba cha mnara, akalisubiri jua lizichaji betri. Kutoka pale aliweza kuiona Landrova. Hakuweza kuona kama Maroa bado anajitikisa.

Saa tisa sindano ya mita ya umeme ilinyanyuka. Alipiga.

"Homa Bay." Alikuwa Dorah, mhudumu wa simu.

"Ni Onsongo. Niko Gwasi. Gari limeanguka, Maroa anavuja damu. Leteni gari la wagonjwa."

Dorah alisikika akizungumza na mtu kando yake.

"Mzee, mkubwa amesimama hapa na fomu yako. Inasema jana ulikuwa Gwasi. Na mimi jana nilikaa benchi la tatu nikikusikiliza ukifundisha somo. Leo kitabu cha magari hakina safari. Anauliza ashike lipi, ndio atoe gari."

Uongo ulihitaji maelezo, na maelezo yalihitaji umeme. Sindano ilikuwa imeanza kushuka.

"Fomu ni ya uongo, Dorah. Zote ni za uongo. Sijafika huku tangu Agosti. Gari tulilichukua kwa siri, nije kuficha. Maroa yuko korongoni chini ya kituo, barabara ya Magunga."

"Rudia polepole," alisema Dorah. "Naandika."

Alirudia, neno kwa neno, kwa mwanamke aliyekuwa amemwita mwalimu siku moja kabla. Alipofika kwenye neno Magunga kwa mara ya pili, laini ilikatika.

Aliposhuka alimkuta Maroa amejiegemeza kwenye gurudumu, midomo ya kijivu, macho wazi. Chupa moja ilikuwa haijaguswa.

"Hiyo ni yako," Maroa alisema. "Nilijua huko juu hutaonja."

Onsongo alikunywa akiwa amempa mgongo.

Gari lilifika jua likiwa bado juu ya ziwa. Mguu uliokolewa, ingawa goti halikukunjika tena sawasawa, na Maroa hakuendesha gari tena.

Jumanne mkubwa alimwekea Onsongo fomu tupu mezani, akabaki amesimama. Onsongo aliandika kwamba betri zilikauka. Kwenye nafasi ya sababu ya hitilafu aliandika jina lake. Kisha akaitazama kalenda ukutani, akaandika tarehe ya siku hiyo.