Spika ya Marehemu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, mnyamaze kidogo. Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa redio.

Mjane mmoja alimletea amplifaya ya marehemu mumewe, pamoja na spika na kanda yake. "Mwanangu, kanda ina sauti yake, ila inatoka nyembamba kama ya mbu. Nami nimeanza kumsahau."

"Kapasita inayopeleka sauti kwenye spika ni ndogo, mama, inazuia besi. Nikiweka kubwa, atarudi mwenyewe."

Akalehemu kubwa. Sauti nzito ikajaa chumba, mzee akimwambia mkewe afunge mlango. Mjane akatabasamu huku machozi yakimtoka.

Mara wingu likatanda, umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Kanda ikasimama, lakini spika ikaendelea kunguruma polepole.

"Usiogope, mama, ni chaji iliyobaki kwenye kapasita." Fundi akaipapasa, akaikata miguu kwa koleo, akaishika kiganjani.

Spika ikakohoa. "Mke wangu," ikasema, "uko na nani?"

Mjane alipofariki, binti yake alirithi nyumba na kanda. Spika aliachiwa fundi. Iko rafuni kwake, nyaya zote zimekatwa, na kila akiingia na mgeni, karatasi ya spika hujivuta ndani, kama kifua cha mtu anayetaka kuuliza.