Ukimya wa Chumba cha Nyuma

Msichana kwenye skrini alifungua mdomo, akauliza "Nani huyo?", midomo ikacheza sawasawa, na sauti haikutoka.

"Wee, usinianze," Mkasi aliiambia kompyuta.

Alirudisha nyuma, akacheza tena. Mlango wa kwenye filamu ulilia kwiii, hatua za muuaji zikasikika sakafuni, hata ndege wa nje alisikika. Neno la msichana tu ndilo halikuwepo. Na asubuhi lilikuwepo! Aliliacha pale kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta pengo. Kama kuna kitu cha kumtia mhariri hasira, ni kazi iliyokwisha kufumuka nyuma ya mgongo wake.

Jina la Mkasi lilitokana na kazi hiyohiyo: wenzake chuoni walipiga picha, yeye akakata na kuunga. Chumba chake cha uhariri pale chuoni hakikuwa na dirisha, feni ilikuwa ikizungusha joto lilelile, na kiti kilikuwa na mguu mmoja mgonjwa. Filamu yenyewe ilikuwa fupi, ya wanafunzi, ya kutia watu roho juu: msichana amefungiwa ndani ya nyumba na mtu asiyemjua. Mwaka uliopita Mkasi alifeli somo hili. Akifeli tena, anafungasha virago, na filamu ilitakiwa iwe mezani kwa mwalimu Ijumaa jioni. Yule msichana wa kwenye skrini alikuwa mdogo wake, tumbo moja, anaitwa Cherehani, maana mdomo wake ukishawashwa unashona tu.

Alimpigia simu mtu wa sauti.

"Masikio, umenirekodia nini wewe?"

"Nimekurekodia sauti. Ulitaka nikurekodie ndizi?"

"Maneno ya mdogo wangu yanapotea."

"Basi huko kwako ndiko kuna mwizi."

Masikio alikuja na kinasa sauti chake, mbio mbio, ameudhika. Alipochezesha rekodi yake, neno lilikuwepo, tena safi. Wakanakili upya, likakaa mahali pake vizuri. Mkasi akashusha pumzi. Akatandaza chini yake ukimya uliorekodiwa chumbani, akacheza, na neno likawa limekwenda na maji.

Ukimya huo usikushangaze, fani ndivyo ilivyo. Kila chumba kina ukimya wake, na ukikatakata maneno ya watu yanabaki mashimo ambayo sikio linayashtukia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mahali, mtu wa sauti huwatoa watu wote nje, akarekodi chumba kitupu, na mhariri hutandaza ukimya huo chini ya mazungumzo mwanzo mpaka mwisho. Watu wote, nasema. Lakini siku ile, katika nyumba ya kuazima iliyokuwa imefungwa miaka na miaka, walitoka wote isipokuwa Cherehani. Alikuwa amelala kitandani katika chumba cha nyuma, anaigiza maiti, amepakwa damu ya rangi iliyochukua nusu ya siku kukauka, na dairekta wao alikataa katakata asiguswe.

"Asipumue kidogo tu, atakufa?" alisema dairekta, wakacheka, wakamfungia mlango na kinasa sauti kikiwa kimewashwa.

Dairekta huyo walimwita Jenerali, na hakulichukia jina. Sasa aliingia bila kubisha hodi.

"Mkasi, unanikwamisha."

"Sauti zinapotea, Jenerali."

"Mwaka jana pia kulikuwa na kitu kinapotea. Nadhani ilikuwa akili."

Mkasi akageukia kompyuta yake. Aliendelea kutandaza ukimya, tukio baada ya tukio, akitumaini hitilafu itajitibu. Maneno yakazidi kutoweka. Halafu kukawa na harufu, harufu ya vumbi la zamani lililomwagiwa maji, na alipoitafuta kwenye pembe za chumba hakuiona ilikotoka, mpaka alipoinama karibu na hedifoni zake mezani.

Nyumbani alimkuta Cherehani ameketi jikoni anamenya viazi, na jambo la ajabu, jiko lilikuwa limetulia.

"Leo umekula gundi?" Mkasi alimtania.

Cherehani akaonyesha koo lake. "Dada, sauti inakatika," alisema, na kweli ilikuwa inakatika, neno linatoka zima, linalofuata halitoki, midomo inacheza tu.

"Mafua hayo," alisema mama yao, akimsukumia kikombe cha maji ya moto na asali. "Mmempeleka kwenye jumba la vumbi, mkamlaza juu ya godoro la watu. Kunywa, mwanangu."

Siku iliyofuata Mkasi alimaliza nusu nzima ya filamu, na aliporudi Cherehani alikuwa ananong'ona. Siku ya tatu hakunong'ona. Aliandika kwenye simu: *Dada naogopa.* Mkasi alisoma, na kichwani mwake jambo alilokuwa akilikataa lilikuwa limeshakaa kitako: kila alipotandaza ukimya, mdogo wake alipotea zaidi, kwenye skrini na nyumbani.

Asubuhi ya Ijumaa alifanya kitu ambacho hakuna mhariri anayekifanya, maana nani ana muda wa kusikiliza ukimya? Alivaa hedifoni, akapandisha sauti mpaka mwisho, akafumba macho. Kwanza kulikuwa na uvumi wa chumba. Kisha pumzi ya Cherehani, aliyeambiwa ajizuie akashindwa: inaingia kidogo, inatoka, na kifilimbi kidogo puani alichokuwa nacho tangu utotoni. Mkasi alitabasamu. Kisha, karibu zaidi na maikrofoni kuliko pale kitanda kilipokuwa, ikaanza pumzi ya pili, ambayo iliingia, ikaendelea kuingia, ikavuta taratibu bila pupa kama mtu anayenusa chakula kabla ya kukila, ikavuta na uvumi wa chumba, ikavuta na ndege wa nje, ikavuta mpaka Mkasi akajikuta yeye mwenyewe kifua kimembana na masikio yanamwuma, na akangoja itoke, maana kila kinachopumua lazima kitoe, akangoja, akangoja, na haikutoka.

Alizitupa hedifoni mezani.

"Jenerali! Njoo usikilize!"

Jenerali alivaa, akasikiliza, macho yakamtoka. Mkasi akadhani sasa mwenzake ameelewa.

"Loo! Masikio kafanya hii? Hii ni dhahabu, Mkasi! Pandisha sauti yake, weka mpaka kwenye majina ya mwisho!"

"Kuna mtu mle ndani, mjinga wewe! Cherehani alikuwa peke yake!"

"Mwalimu atazimia," alisema Jenerali, anasugua mikono.

Kuzungumza na Jenerali ni kumpigia mbuzi gitaa. Mkasi aliushika ule mstari mzima wa ukimya, kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, akaufuta.

Simu yake ikalia papo hapo.

"Mwanangu!" Mama alikuwa anapiga kelele. "Cherehani hapumui! Ameanguka, amekuwa mweusi midomo, njoo, njoo!"

Mkasi aliganda na simu sikioni. Kisha kidole kikafanya chenyewe kile ambacho vidole vya wahariri hufanya wakikosea: kikarudisha kilichofutwa. Ukimya ukajitandaza tena chini ya filamu, na kwenye simu akasikia mtu anakohoa, anavuta hewa, na mama analia, "Amerudi, Mungu wangu, amerudi."

Mkasi alimweleza yote kwenye simu, na Mama hakuuliza maswali mengi. Alimleta Cherehani chuoni kwa teksi, na pamoja naye mganga, mtu mfupi mwenye haraka aliyekuwa akizima simu zake mbili zinazoita zamu kwa zamu. Walimlaza Cherehani kwenye mkeka chini ya meza ya kompyuta. Mganga alimwekea kiganja kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyu jini hakuja kwenu," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaa kwake, hana ugomvi na mtu. Nyie mmembeba. Na mmembeba amefungwa pamoja na huyu binti, fundo moja. Nani kawafunga?"

"Mimi," alisema Mkasi. "Yaani mashine. Lakini ni mimi."

"Basi kufungua ni kwako. Mimi nitamshika asikuume. Kilicho cha binti ukiweke, kilicho chake ukifute pasibaki kitu, aende zake. Usichanganye, dada. Ukichanganya, sina dawa."

Akawasha ubani kwenye kifuniko cha rangi ya viatu.

"Moshi kwenye mashine!" Jenerali alifoka mlangoni. "Mtaiunguza! Saa zinakwenda!"

"Mtoeni huyo," alisema mganga, na Mama akamsukuma Jenerali nje kwa kiganja kimoja, akafunga.

Mkasi akaanza. Kwenye skrini pumzi zilionekana kama vilima. Za Cherehani zilipanda na kushuka, ndogondogo. Za yule mwingine zilipanda tu. Alikata, akasikiliza, akakata. Cha mdogo wake akakihifadhi pembeni, cha mwingine akakifuta, na kila alipofuta, kitu kilisugua ukuta nyuma ya kompyuta, na mganga akaongeza sauti ya kisomo chake, na chini ya meza Cherehani akaguna. Kuguna! Mama akaziba mdomo wake kwa upande wa khanga asilie kwa furaha.

"Endelea, mwanangu," alinong'ona.

Akafika karibu na mwisho, na hapo vilima viwili vilipanda pamoja, vikagusana, vikaingiana. Vilipoachana tena, vyote viwili vilikuwa vidogo, vyote viwili vinapanda na kushuka, kana kwamba yule mwingine, kwa kulala ubavuni mwa binti muda wote ule, alikuwa amejifunza. Mkasi alisikiliza cha kwanza, kina kifilimbi. Akasikiliza cha pili, nacho kina kifilimbi. Alirudia, jasho linamwingia machoni, moshi unamkaba, feni inakwaruza, mganga anasoma, akarudia tena na safari hii akadhani cha pili kinachelewa kidogo kutoka, akataka kusikiliza mara moja zaidi ili awe na hakika, mara moja tu, ndipo mlango ukagongwa kwa mateke.

"Mkasi! Mwalimu anafunga ofisi! Uliharibu mwaka jana, unatuharibia na mwaka huu! Mkasi!"

"Niacheni!" alipiga kelele. Alikuwa amechoka, amechoka na Jenerali, amechoka na kompyuta, na hasira zilikuwa zimempanda mpaka utosini. Akakifuta cha pili. Kisha, kama mganga alivyomwagiza, akamwaga na kapu la kompyuta vinapokwenda vilivyofutwa, pasibaki kitu.

Ukuta ukanyamaza. Harufu ya vumbi ikaondoka, ikabaki ya ubani peke yake. Cherehani akaketi, akajigonga kichwa kwenye meza.

"Aaah! Nani kaniweka huku chini? Dada, nina njaa."

Weee, kilio kilichopigwa pale! Mama alimkumbatia mpaka akamkunja kama khanga. Mganga akawasha simu zake, zikaanza kuita. Mkasi alicheza filamu, maneno yote yalikuwa yamerudi, "Nani huyo?" safi kabisa. Mashimo yalikuwa tele, lakini nani alijali? Alimkabidhi Jenerali bila kumtazama usoni, naye akakimbia nayo. Mwalimu aliipokea mkono ukiwa kwenye kitasa.

Jumapili mchana, nyumbani, mdomo wa Cherehani ulikuwa unashona tangu asubuhi: mganga alivyo mfupi, Jenerali alivyosukumwa, yeye alivyojigonga. Alikula sahani mbili. Halafu akajitupa kitandani katika chumba chao, akauchapa usingizi. Mama alikuwa uani anafua, anaimba, na ilikuwa imepita siku nyingi Mkasi hajamsikia akiimba.

Mkasi alijilaza kwenye kitanda chake, mikono chini ya kichwa. Alikuwa anawaza tu kwamba amefaulu, kwamba amemrudisha mdogo wake kwa vidole vyake mwenyewe. Chumba kilikuwa kimetulia. Hakuwa anasikiliza, lakini masikio ya mhariri hayalali, na baada ya muda akatambua kwamba anangoja kitu, kwamba kifua chake mwenyewe kimesimama juu kinangoja, kwa kuwa kwenye kitanda cha pili pumzi ilikuwa imeanza kuingia tangu yeye alipojilaza, taratibu bila pupa, na bado ilikuwa inaingia, na shuka juu ya kifua cha Cherehani ilikuwa inapanda, inapanda, na wimbo wa Mama kule uani ulikuwa unafifia ingawa Mama hakuwa ameacha kuimba.

Mkasi aliwaza kile kipande cha pili, kifilimbi chake, na jinsi alivyokifuta hata kwenye kapu, pasibaki kitu.

"Dada," Cherehani aliita kwa sauti yake ileile tamu, macho yamefumba. "Mbona hupumui?"