Beti Aliyoisimamia Shaibu

Kitendawili. Semeni "tega" basi, nisikie.

Yumo katika kila harusi, watu wanacheza kwa ajili yake mpaka viatu vinakatika kanda, na hakuna aliyemwona. Nani huyo?

Bibi harusi? Bibi harusi huonekana, ndiyo kazi yake siku hiyo. Upepo? Upepo hauchezewi. Mmeshindwa, nipeni mji. Mnanipa Bweni? Haya, Bweni nimekwenda, nimepanda mnara wa taa, nimelishwa pweza wa nazi, nimefungwa kanga mbili mpya, na sasa nimerudi na jibu langu. Ni mtunga nyimbo.

Basi mtunga nyimbo wa kikundi cha Nuru Njema, pale Kilindoni, kisiwani Mafia, miaka ile ya Ujamaa na foleni za sukari, alikuwa Kidawa binti Kitwana. Mwembamba, macho makubwa, kidole cha kati kina wino daima. Maneno yalikuwa yake. Sauti ilikuwa ya Bimkubwa, aliyejaa meno ya dhahabu na haiba. Bimkubwa akiimba, watu walilia. Kidawa alikaa nyuma ya wapiga tari akigonga kijiti, akiyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Siku hiyo sukari ilikuwa imefika duka la ushirika. Foleni ilizunguka nyumba mara mbili, na waliochoka walikuwa wameweka mawe mahali pao wakaenda kukaa kivulini. Kidawa alisimama mwenyewe, kanga ya miraba ya zambarau kiunoni, kikapu kichwani, akiimba chinichini.

"Dada, umekosea," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, kanzu fupi iliyoshonwa vizuri, futi ya kupimia nguo imemning'inia shingoni kama nyoka aliyelala.

"Nimekosea nini?"

"Hiyo beti ya tatu. Bimkubwa anasema 'nimekesha', wewe unasema 'nimekoma'. Usiwaharibie watu wimbo wao."

"Kumbe wewe unaujua?"

"Naujua wote. Mimi ndiye Shaibu, fundi cherehani mpya. Nimetoka Kilwa mwezi uliopita na jana nimeingia Nuru Njema, nawapigia kodiani."

"Hongera. Na wimbo umetungwa na nani?"

Shaibu akajikuna kichwa. "Bimkubwa, bila shaka."

Bibi mmoja aliyekuwa mbele yao akacheka mpaka kikapu chake kikaanguka. "Mjukuu wangu, unamfundisha kuku kutaga. Mwenye wimbo ndiye huyo unayemkosoa."

Fundi yule alitamani ardhi immeze na futi yake. Kidawa akamwacha kidogo, kisha akasema, "'Nimekesha' niliandika mwaka jana. Mwaka huu nimeona 'nimekoma' ni kweli zaidi. Shona nguo, baba, niachie beti zangu."

"Nisamehe, bi Kidawa."

"Jina langu umelijuaje?"

"Sasa hivi foleni nzima inalitaja."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kesho yake Kidawa alipeleka blauzi ya kupunguza, ingawa haikuwa kubwa. Kesho kutwa akapeleka nyingine.

"Laazizi, utamaliza nguo zote za nyumbani kwenu," Shaibu akasema, mguu ukikanyaga cherehani, kodiani imelala kwenye kiti cha pili kama mgeni mheshimiwa.

"Nikizimaliza nitaanza za bibi yangu."

Bibi yake, Mwanasiti, ndiye aliyemlea, kule Ndagoni. Alikuwa mpiga makumbi. Wanawake wa Ndagoni hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, miezi ikipita huyafukua yameoza, wakayaweka juu ya gogo na kuyaponda kwa rungu mpaka usumba utoke wa kusokota kamba. Kazi ile hufanywa kwa nyimbo, na nyimbo zile si za kodiani wala fidla. Ni rungu, pumzi na sauti ya mtu, basi. Kidawa alizijua arobaini na kitu.

"Hizo ndizo ninazotaka kuimba," alimwambia Shaibu jioni moja, akiokota vipande vya uzi sakafuni. "Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Nitoe maneno mapya juu ya pigo lile la zamani."

"Bila kodiani?"

"Bila kodiani. Umekasirika?"

Shaibu akafikiri. "Niimbie moja kwanza, nijue kama nikasirike."

Akamwimbia, akigonga meza kwa mkasi. Alipomaliza, cherehani ilikuwa imesimama, na Shaibu hakuipa mguu kwa muda mrefu.

"Sikukasirika," alisema mwishowe.

Alitaka kutuma wazee wakapose palepale. Kidawa akamwambia angoje mavuno ya mpunga yapite. Kabla hayajapita, mambo yakageuka.

Mwezi huo alikuja mtu wa redio kutoka Dar es Salaam, Bwana Ussi, na mashine ya kurekodi nzito kama sanduku la msafiri wa hija. Alikuja kumrekodi Bimkubwa. Akamrekodi, akashukuru. Halafu, akipita Ndagoni kutafuta madafu, akamkuta Kidawa na bibi yake wanaponda makumbi. Akashusha mashine begani. Kabla ya kuondoka akasema: huyu aje Dar, akae mwaka, aimbe peke yake, na jina lake litajwe.

Kikundi kiliitana. Mwenyekiti, Mzee Shamte, alivaa kofia ya chama siku hiyo.

"Jembe ni letu, shamba ni letu, na wimbo ni wetu," alisema. "Mtu mmoja akiubeba wimbo akautia jina lake, huo ni nini kama si ubepari?"

"Shikamoo, mwenyekiti," Kidawa alisema.

"Marahaba. Usinilainishe kwa shikamoo."

"Nyimbo za kikundi nawaachia zote. Na madaftari. Naondoka na za bibi yangu tu."

Mzee Shamte akatazama madaftari yale saba mezani, na ukali ukamtoka. Mtu anayeacha vitu saba vya namna ile si bepari. Akasema, basi, ila asiondoke kimyakimya; harusi ya Mwanamkuu iko Ijumaa, aage watu pale kwa wimbo.

Usiku ule na uliofuata Kidawa alingoja Shaibu aseme neno. Neno moja tu, "kaa", na angekaa. Nataka mlijue hili, maana yeye mwenyewe alilijua vizuri. Angefungua sanduku, angerudi nyuma ya wapiga tari. Lakini Shaibu alishona suruali za harusi, akamuuliza meli ya mbata inaondoka lini, akamshonea mfuko wa kutilia rungu. Neno hakusema.

Basi Kidawa akaliweka swali lake ndani ya wimbo.

Wenyeji wa pwani mnajua, na asiyejua nimweleze. Kwenye harusi zetu, mtu akiinuka kwenda kumtuza mwimbaji, haangaliwi anatoa nini. Huangaliwa ameinuka kwenye beti ipi. Beti uliyoisimamia ni yako. Umesema mbele ya watu, haya ndiyo yangu ya moyoni. Wapo waliochumbia hivyo bila kufungua kinywa. Wapo walioachana.

Ijumaa baada ya laasiri, uwanja umefagiwa, wanaume kwenye majamvi upande huu, wanawake upande ule wamejaa asumini na udi. Kidawa alitoka na kanga nyeupe yenye ukingo mweusi, gogo mbele yake, rungu mkononi. Watu wakanong'ona, Bimkubwa hupanda na hereni, huyu kapanda na kuni. Akapiga pigo la kwanza. Akaimba beti ya kuwasalimu. Kisha ya pili, akimtazama mtu mmoja tu:

*Nishike japo kidole, mkono sikuombei,*
*Ukinigusa kidole, melini sielekei.*

Akairudia. Akairudia tena, mara ya tatu, na hakuna mwimbaji anayerudia mara tatu. Wanawake walianza kumtazama Shaibu. Shaibu alikuwa ameweka viganja vyote viwili chini kwenye jamvi. Hakuinuka.

Beti ya tatu ikapita. Ya nne Kidawa alikuwa ameitunga ili wimbo ukamilike tu, maana wimbo wa kuaga lazima uwe na sauti ya anayeagwa. Hakuitunga ili mtu aisimamie:

*Nenda na mlango wazi, komeo sikuwekei,*
*Ukenda kwa yako kazi, njiani sikuzuii.*

Shaibu akainuka. Akavuka uwanja mzima, watu wakimpisha miguu, akaweka noti kwenye gogo pamoja na ua la asumini, akarudi kukaa.

Bibi mmoja akasema, "Masikini, kamwacha." Kidawa akasikia, na bado alimaliza beti mbili zilizobaki, rungu halikukosa pigo hata moja. Kuimba alikoimba siku ile, hata Bimkubwa aliyafuta macho.

Asubuhi, gatini, wapagazi wakipakia magunia ya mbata, Shaibu alikuja amebeba sanduku la Kidawa.

"Nijibu kitu kimoja," Kidawa alisema. "Kwa nini ulisimama pale?"

Shaibu akalitua sanduku. Akalifunga kamba upya, ijapokuwa lilikuwa limefungwa.

"Mfuko wa rungu nimeushona mara mbili chini," alisema. "Hautachanika."

"Sikukuuliza mfuko."

"Najua." Akasogea nyuma. "Nenda, Kidawa. Wanapiga honi."

Akaenda. Huko Dar alipata chumba Ilala, kitanda cha kamba, na studio yenye kuta za godoro. Mwanzoni walimcheka, na rungu lake. Kisha nyimbo zikaanza kupita kila Alhamisi, na mtangazaji akasema kwa sauti yake nzito, "Kidawa binti Kitwana, kutoka Mafia." Mara ya kwanza alipolisikia jina lake likitoka kwenye redio ya muuza maandazi, alisimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akamtukana. Alifurahi, na furaha ile hakuwa na wa kumwambia.

Mwezi wa sita akapiga simu Kilindoni. Simu ilikuwa moja, posta, na mtu huitwa, akaja, akazungumza foleni nzima ikimsikiliza.

"Haloo, Shaibu?"

"Ndiyo. Salama huko?"

"Salama. Mnanisikia redioni?"

"Tunakusikia. Sauti inafika vizuri. Hapa Mzee Shamte anakusalimu, na mke wake, na mtu mmoja wa stempu simjui."

Kidawa akacheka bila kupenda. Halafu akasema polepole, "Swali langu la gatini."

Akasikia mtu akikohoa, mtoto akilia, muhuri ukigonga barua.

"Simu inakatika," Shaibu alisema.

Haikuwa inakatika. Kila mtu pale posta alijua haikatiki.

Miezi kumi na minne tangu aondoke, ilifika simu ya maandishi: Bi Mwanasiti amefariki. Kidawa alirudi na ndege ndogo, akakuta wameshamzika. Ndagoni nzima ilikuwa matangani, wanaume nje kwenye majamvi, wanawake ndani. Alilia siku tatu. Si bibi tu aliyekwenda. Nyimbo kadhaa alizosema atakuja kujifunza mwakani nazo zilikwenda.

Siku ya nne, watu wamepungua, alitoka uani kukung'uta majamvi. Ng'ambo ya ua wa makuti akamwona Shaibu akivunja kuni za jikoni, kama alivyofanya, wakamwambia, tangu siku ya maziko. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi.

"Pole, Kidawa."

"Nishapoa. Unavunja kuni vibaya, fundi."

"Nifundishe."

"Sina nafasi. Jumatatu narudi Dar." Akakunja jamvi. "Mbona hujaoa?"

"Na wewe mbona hujaolewa? Mjini wanaume wamekwisha?"

"Wapo tele. Wanauliza kama rungu nitaliacha."

Shaibu akaweka shoka chini. Akajifuta mikono kwenye shuka, akasema akiuangalia ua, si yeye: "Arobaini ya bibi ikipita, wazee wangu watakuja kwa kaka yako Mbaraka. Ukipenda. Dar watu wanavaa nguo, cherehani yangu itapata kazi. Nitakufuata mimi, si wewe unifuate."

Moyo wa Kidawa ulitaka kusema ndiyo kabla ya ulimi. Lakini alikuwa ameshayajua maisha ya mtu anayesemewa na wengine, na hakutaka kuingia nyumbani kwa mume asiyesema.

"Usimtume mtu," alisema. "Kwanza unijibu. Umenikimbia gatini, umenikimbia kwenye simu. Leo hakuna honi na hakuna foleni. Kwa nini ulisimama pale?"

Shaibu alikaa juu ya gogo la kuni.

"Beti ya pili ilinivuta," alisema. "Niligandamiza mikono kwenye jamvi mpaka likaniachia alama. Ningeisimamia ile, ungebaki. Ungenipikia, ungenizalia, na kila redio ikifunguliwa kwa jirani ungetoka nje ujifanye unaanua nguo. Ningemwona mtu yule kila siku, na ningejua ni mimi niliyemfanya. Sikumtaka yeye, Kidawa. Nilimtaka huyu aliyerudi kuniuliza."