Filimbi Haiazimwi

Ngo. Ngo. Ngo.

Kamba zilikuwa zikigonga milingoti. Pilipili alizisikia kabla hajafumbua macho. Klabu ya mashua za tanga ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwao, kando ya ziwa. Sauti ile ilimwambia kuwa upepo umeamka na wenzake wameshafika.

Akameza mate. Koo lilimwasha. Mwili ulikuwa wa moto.

"Siku zote hizo," alinong'ona, "iwe leo?"

Leo kocha angechagua vijana wa kwenda mashindanoni. Mashua moja ya watu wawili, na moja ndogo ya mtu mmoja.

Kwa miaka miwili Pilipili alikuwa mashua moja na rafiki yake Twiga, msichana mrefu wa mtaa huohuo. Yeye alishika usukani, Twiga akashika tanga. Kisha homa ya mapafu ikaingia mjini. Klabu ikafungwa miezi mitatu. Ilipofunguliwa, ilikuja na sheria mpya: mashua ya watu wawili itapandwa na watu wa nyumba moja tu. Twiga alikuwa na mdogo wake, Kasuku, mtoto mwenye pumu na mdomo usiolala. Pilipili hakuwa na ndugu. Akapewa mashua ndogo, peke yake.

Tangu hapo roho ilimuuma. Kasuku akicheka, aliumia. Kasuku akikosea, alifurahi, kisha akaumia kwa kufurahi.

Mama yake, mshonaji, alimgusa paji la uso. "Una homa wewe."

"Kidogo tu, mama."

"Si walisema mgonjwa abaki nyumbani?"

"Nikibaki, nafasi imekwenda. Twiga na Kasuku watashindana, mimi niwapungie mkono dirishani."

 Mama naye alikuwa na donge lake. Juzi mama Twiga alikuja kupima gauni, akasema, "Wanangu mimi wamezaliwa na maji." Mama alibana pini midomoni ili asijibu. Sasa alifungua kabati, akatoa kidonge cha kushusha homa.

"Meza. Haiwezekani kila kizuri kiende nyumba ile."

Kwenye geti la klabu alisimama muuguzi, jirani yao, aliyejitolea kila Jumamosi. Kipimajoto hakikuonyesha homa.

"Unakohoa? Koo linauma? Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana, shangazi. Hapana. Hapana."

"Haya, pita. Barakoa usiivue mpaka uwe majini."

Majaketi ya kuokolea maisha yalining'inia kwenye kamba. Kila jaketi lilikuwa na filimbi begani. Mashua ikipinduka, filimbi ndiyo inayoita msaada. Kwa hiyo kocha hakumruhusu mtu kuingia majini kabla hajapuliza filimbi yake ikasikika. Lakini hakuna aliyekuwa na jaketi lake. Aliyewahi, alichukua. Homa ilikuja, sheria zikabadilika, desturi hii ikabaki vilevile, mbele ya macho ya wote.

Pilipili alivaa jaketi, akashusha barakoa, akapuliza. Lakini jaketi lilimbana kifua. Akalivua, akalirudisha, akachukua jingine.

"Hilo saizi yangu," alisema Kasuku, akalidaka. "Dada Pilipili, leo utaona visigino vyetu tu."

"Mashua ina visigino?" Twiga alicheka.

"Yetu inavyo."

Kasuku alifunga vifungo, akashusha barakoa, akashika filimbi.

Kaa kimya, wazo lilimwambia Pilipili. Akiugua, mashua yao haiendi. Wazo lile lilikuja lenyewe, likavuta kiti, likakaa. Pilipili alimtazama yule mtoto akivuta pumzi kwa kifua chake kibovu.

"Kasuku, usipulize." Pilipili alinyoosha mkono kumzuia. "Hiyo nimeipuliza mimi. Na mimi ni mgonjwa."

Wote walirudi nyuma. Muuguzi alimwambia Pilipili apandishe barakoa, akamsimamisha mbali na wenzake. Kasuku alivua jaketi, akanawa mikono kwa sabuni. Filimbi haikuwa imemgusa mdomo.

"Mbona kipimajoto hakikusema kitu?" kocha aliuliza.

"Nilimeza kidonge."

"Kidonge kinashusha joto, hakiui ugonjwa," alisema muuguzi. "Ukizima king'ora, nyumba bado inaungua. Umekosea, mwanangu. Lakini na sisi tumekosea. Tumewatenganisha mashuani, halafu tunawalisha mate kwa filimbi moja."

Kocha alijikuna shingo. "Miaka yote nafanya hivyo. Sikuwahi kufikiria."

"Basi fikiria leo. Na uchaguzi uuahirishe kwa mgonjwa. Ukimnyima nafasi anayesema ukweli, unawafundisha wengine kuficha."

Wiki hiyohiyo kila kijana alipewa jaketi lenye namba yake na filimbi yake. Baada ya mazoezi yalioshwa kwa sabuni, yakaanikwa. Upepo ukiwa mkali, hawakuingia majini, kwa sababu mashua ikipinduka kocha humkumbatia mtoto kumtoa, na umbali wote unakwisha.

Pilipili alipimwa kliniki, akakutwa na homa ile. Alikaa chumba cha peke yake, madirisha wazi. Mama alimpelekea chakula akiwa na barakoa.

"Kidonge kile nilikupa kwa wivu," mama alisema mlangoni. "Nisamehe."

"Na mimi nilikimeza kwa wivu, mama."

Klabuni hakuna mwingine aliyeugua. Muuguzi alipomruhusu Pilipili kutoka, Twiga na Kasuku walikuja, wakasimama uani.

"Tumechaguliwa," alisema Kasuku.

"Najua. Sauti yako ilifika kabla yako."

"Kocha anasema jaribio lako ni Jumamosi. Bado unatuonea wivu?"

"Sana."

"Hata mimi nakuonea," alisema Twiga. "Wewe uko peke yako, umetulia. Mimi naendesha na redio."

Pilipili alicheka. Kisha akamgeukia Kasuku.

"Sikiliza, mdogo wangu. Siku nikiamka naumwa, hata iwe asubuhi ya mashindano, nitasema. Nitakaa ndani nikiwaonea wivu mpaka nikonde, lakini nitasema. Nakuahidi."