Aliyekaa Kwenye Swichi

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa fundi wa injini za boti, na mimi ni fundi cherehani. Basi utani wetu ulikuwa huo. Yeye husema mashine yangu inakohoa kuliko boti yake, mimi humjibu kwamba angalau yangu ikizimika narudi nyumbani kwa miguu. Utani huo tuliuacha tangu mdogo wake alipofia majini.

Walikuwa wakifanya kazi wawili, ndugu wa tumbo moja, na boti yao ya kuvusha watu. Injini ilikuwa ya zamani, ya petroli, imekaa katikati ya boti ndani ya kasha la mbao lenye kifuniko. Ikigoma, shemeji huzamisha kichwa ndani ya kasha, na mdogo wake hukaa nyuma kwenye swichi. Hawaonani, husikilizana tu. "Tayari?" "Tayari." "Piga!" Na starta, mota ya kuwashia injini, inazunguka. Sharti lao lilikuwa moja, walilishika tangu siku shemeji aliponusurika kukatwa vidole: aliye kwenye swichi hagusi kitu mpaka aambiwe. Hapigi mpaka asikie piga, hazimi mpaka asikie zima.

Siku ya ajali walikuwa wanarudi bila abiria, maji yamechafuka. Pointi zikalowa. Pointi ni vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke kwenye plagi. Vikipata unyevu, injini inakuwa mzigo tu. Shemeji akainama na kipande cha msasa, akasugua, akaita, "Piga!" Kimya. Akaita tena. Akadhani betri imekufa. Aliita mpaka koo likamkauka, na alipoinua kichwa, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Maiti haikupatikana.

Miezi ikapita shemeji hasemi na mtu. Kisha akaipandisha boti juu ya magogo ndani ya banda lake, akatoa kizibo cha chini ili maji yote yachuruzike, na akaagiza mfumo mpya wa cheche.

"Huu hauna pointi," alimwambia mdogo wangu wakiwa mezani. "Ni sumaku na kidude cha umeme. Hakuna kinachogusana, hakuna cha kulowa."

Mdogo wangu alikuja kwangu mbio kunieleza kwamba mume wake ameongea. Hakutaka kingine duniani, alitaka mume wake arudi nyumbani akiwa mzima, basi.

Siku ya kuujaribu ule mfumo nilimpelekea chakula. Kabla sijafika mlangoni nikasikia, "Piga!" na starta ikazunguka. Nikashukuru Mungu, kumbe kapata msaidizi. Nikaingia. Shemeji kichwa kimezama, makalio juu, nami nilikuwa na neno la kumtania tayari mdomoni. Nikageuka kwanza nimsalimie mgeni.

Hakukuwa na mgeni. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa. Maji yalidondoka ukingoni mwake, taratibu, ndani ya boti iliyokaa nchi kavu muda wote ule.

"Tayari?" shemeji aliuliza kutoka ndani ya kasha.

Sikusikia jibu. Yeye alisikia.

"Piga!"

Swichi ikajigeuza mbele ya macho yangu. Injini ikawaka, safi, bila kukohoa. Shemeji akanyoosha mkono, akachomoa waya wa koili, unaopeleka umeme kwenye plagi, ikafa. Aliponiona hakushtuka. Uso wake ulikuwa na grisi na machozi, na alikuwa anacheka.

"Shemeji," nilinong'ona, "nani yule?"

"Niliita kwa mazoea tu. Nilisahau niko peke yangu. Akaitika." Akashika mkono wangu kwa vidole vya baridi. "Kumbe pointi ndizo zilikuwa zinamkata. Zinagusana, zinaachana, maneno hayafiki. Sasa hakuna kinachokatika."

"Mwambie azime. Mwache apumzike."

"Wewe! Siku ile sikumwambia zima. Ndiyo maana mpaka leo yuko kazini." Akatazama kile kiti kwa upendo ambao sijawahi kumwona nao hata siku ya harusi yake. "Nikilitamka, ndiyo basi tena."

Nilimweleza mdogo wangu kila kitu, sikumficha hata tone. Hakulia. Alikwenda bandani kila siku kumbembeleza mumewe, na kila siku alirudi peke yake, viatu vimelowa. Majirani walishauri tuite wazee wa dua. Wakaja, wakasoma, wakaondoka bila kunywa hata maji. Mmoja wao aliniambia pembeni kwamba yule hakurogwa na mtu, ameita mwenyewe.

Kisha mdogo wangu akaniamsha alfajiri. "Dada, zamu zimebadilika," alisema. "Sasa anayeitwa ni mume wangu."

Tulifika jua limechomoza. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, mkono juu ya swichi, miguu ndani ya maji. Niliinama chini ya boti. Tundu la kizibo lilikuwa wazi. Niliingiza kidole. Pakavu. Nikainuka, na humo ndani maji yalikuwa yanamfika vifundoni.

"Mume wangu, twende nyumbani," alisema mdogo wangu.

"Siwezi. Niko kwenye swichi."

Kifuniko cha kasha kilikuwa kimefungwa. Kutoka chini yake sauti ikaja, nzito, kama ya mtu mwenye maji mdomoni.

"Tayari?"

"Tayari," alisema shemeji.

"Piga."

Injini ikawaka. Banda zima likatetemeka. Maji yakapanda. Magotini. Mapajani. Shemeji hakusogea. Mdogo wangu alikishika kile kifuniko kwa mikono miwili, akakiinamia, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Zima!"

Alimwambia yule wa ndani. Mke gani asingemwambia? Alitaka yule azimike, aende zake, amwachie mume. Lakini aliye ndani ya kasha haambiwi zima. Anayeambiwa ni aliye kwenye swichi.

Shemeji alimtazama mkewe. Alielewa kosa, nakuapia, niliona macho yake. Lakini sharti ni sharti. Mkono ukageuka.

Injini ikazimika. Na kiti kilikuwa kitupu.

Mdogo wangu alifunua kasha. Injini tu, imelowa, inatoa mvuke. Tulivua mbao za sakafu, tukatafuta kwenye banda, kisha majini, siku nyingi. Hatukupata hata kiatu.

Boti tuliipasua kuni, injini ikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kifuniko tu ndicho mdogo wangu alichokataa kukitoa. Amekiegemeza ukutani, chumbani kwake. Upande wa ndani zipo alama mbili za viganja vya grisi, vyote vya kulia, vimesukuma kwenda juu. Kimoja kina mstari wa pete, kama aliyovaa shemeji mkono wa kulia. Mdogo wangu hulala kitandani akiwa amekielekea.

Wiki iliyopita nilimtuma dukani, nikakisugua kile kifuniko kwa petroli na msasa mpaka mbao ikawa nyeupe. Aliporudi alilia hadi sauti ikamwisha, nami nikajichukia.

Asubuhi alama zilikuwa zimerudi, grisi mbichi. Ila ile yenye pete si kiganja tena. Ni vifundo vya vidole, vimepangana, alama ya ngumi ya mtu anayegonga afunguliwe.