Bibi Aliyeusalimia Mkono Wangu

Nilikuwa nakwenda kuchota maji ya moto, basi. Sikuwa nimetoka kwa mganga, sikuwa nimekanyaga kaburi la mtu, wala sikuwa nimemwibia mtu mume. Chupa ya chai mkono wa kushoto, kandambili miguuni, giza linaanza kuingia, na mkono wangu wa kulia umeshonwa tumboni.

Ndiyo, umeshonwa. Usinikodolee macho.

Kazi yangu ni kwa dobi, kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, ile yenye mdomo mpana unaofunguka na kufumba. Siku moja ilifumba kabla sijatoa mkono. Ngozi ya nyuma ya kiganja iliungua yote, mishipa ikabaki nje kama nyuzi. Daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo akaniambia dawa ni moja. Atafungua ngozi ya tumbo langu chini ya kitovu, auingize mkono humo kama unavyoingiza mkono mfukoni, kisha ashone. Mkono utakaa humo wiki tatu ukinywa damu ya tumbo, mpaka ile ngozi iugande na kuwa yake. Halafu ataukata utoke.

"Ukiuvuta kabla ya wakati, mkono utakufa," alisema. "Mkono, siyo wewe." Akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Nyumbani nilikuwa nimeacha mtoto anayetambaa, tunamwita Kifaranga, analelewa na wifi yangu. Kila wakimleta kuniona nilikuwa nampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto tu, naye analia ataka kunyanyuliwa. Sikutaka urembo mimi, wala sikujali kovu. Nilitaka kumnyanyua mwanangu kwa mikono miwili, hata niwe na mkono wa kutisha watu.

Basi jioni ile natembea kwenye korido. Jiko la wodi liko mwisho kabisa, baada ya chumba cha kusafishia vidonda. Taa moja ilikuwa inapepesa. Kwenye benchi la nje ya chumba cha vidonda ameketi bibi mmoja, peke yake, amejifunika shuka la hospitali mpaka kidevuni.

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Mimi mtu wa nguo, naijua. Ni ile harufu ya shuka lililokunjwa likiwa bichi, likasahauliwa kabatini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akatoa mkono wa kulia chini ya shuka. "Nipe mkono."

Sasa ningefanyaje? Kumpa mtu mzima mkono wa kushoto ni kama kumtukana. Ningempita tu ningekuwa salama, lakini nimelelewa, bwana. Nikaweka chupa chini, nikainama.

"Unisamehe, bibi. Wa kulia umefungwa huku tumboni."

"Najua," akanong'ona. "Haidhuru. Nitausalimia huko huko uliko."

Akaweka kiganja chake juu ya bandeji zangu. Baridi ikapenya kitambaa, ikapenya ngozi... na ndani ya tumbo langu, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mkono wangu mwenyewe, vidole vikaingia kati ya vidole vyangu.

Vikavishika.

Vikavitikisa taratibu, juu na chini, kama watu wanaosalimiana baada ya kupotezana muda mrefu. Bibi akaondoa kiganja chake juu ya bandeji, akakirudisha ndani ya shuka.

Lakini ule wa ndani haukuniachia.

Nilirudi wodini mbio, chupa nimeiacha huko huko. Mgonjwa wa kitanda jirani, tuliyemwita Mama Sufuria kwa sababu alimwagikiwa na sufuria la uji miguuni, akaanza matani yake. "Maji yako wapi? Au umekutana na mchumba njiani?"

Nikamwambia. Nilidhani atacheka hadi mishono imfumuke. Hakucheka. Alivuta shuka, akatazama mlangoni.

"Amejifunika mpaka hapa?" Akagusa kidevu.

"Ndiyo."

"Alilala kitanda hicho hicho chako. Alishonwa hivyo hivyo. Akafa kabla hawajamkata."

"Wakamzika na mkono tumboni?"

"Wengine wanasema walimkata kule chini, chumba cha maiti. Wengine wanasema ndugu walikataa asiguswe tena." Akashusha sauti. "Ulimpa salamu, umeniambia. Ulimuaga?"

Sikumuaga. Nani angeaga?

Mficha uchi hazai, kwa hiyo kesho yake nikamweleza daktari. Aliniinamia, akabonyeza ngozi pembeni ya mshono kuangalia rangi inavyorudi, akaridhika. Akasema mishipa ya fahamu imeumia, inajifunza upya, na ubongo ukikosa habari hujitungia. "Wengine huhisi sisimizi. Wewe unahisi mtu. Una akili yenye ubunifu," akasema. Wanafunzi wake wakacheka. Nilitamani kumtupia chupa ya mkojo.

Ubunifu gani wa kunitoa jasho kila giza linapoingia? Mchana alikuwa ananishika tu, kama mtu aliyesinzia ameshika mkono wako. Jioni anaamka. Anabinya. Anaachia kidogo... anabinya tena. Mara nyingine kidole gumba chake kinanipapasa kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha kuliko yote.

Na utakimbilia wapi? Niambie. Mwizi akiingia ndani, unatoka nje. Nyumba ikiungua, unatoka nje. Huyu alikuwa ndani ya tumbo langu, nikikimbia nakimbia naye, nikilala nalala naye. Kuuvuta mkono siwezi, utakufa. Plasta imeuzunguka mwili mpaka mgongoni. Nilikuwa nalala chali nimeuma kona ya shuka, nasema moyoni, Kifaranga, Kifaranga, mama anakuja.

Mama Sufuria akawa hanitanii tena. Jioni moja akaninong'oneza, "Unajua anataka nini? Anataka kutoka. Yeye hakutolewa. Siku utakayokatwa, wewe unatoka, na yeye kakushika."

"Kwa hiyo nisikatwe?"

Akageuza uso. Jibu tulikuwa nalo wote wawili. Nisipokatwa, nitabaki nimeinama hivi maisha yangu yote, nusu mtu nusu mfuko. Nikikatwa, namtoa. Nililia siku ile kwa sauti, sikujali nani anasikia. Halafu nikajifuta kamasi na kuamua. Mwanangu kwanza. Mengine tutajua huko mbele.

Siku ya kukatwa walinichoma sindano za ganzi, nikabaki macho. Pazia la kijani mbele ya uso. Nasikia mkasi. Nasikia daktari anaimba puani, ana raha zake.

"Tayari. Vuta mkono taratibu, mama."

Nikavuta. Haukuja.

"Usishikilie. Legeza vidole."

"Sijashikilia."

"Unashikilia, naona mkono unakaza. Legeza."

"Daktari... siyo mimi."

Kuimba kukakoma. Nikasikia pumzi yake nyuma ya barakoa. Harufu ikajaa chumba kile kizima, shuka bichi, kabati lililofungwa. Muuguzi akakohoa, akauliza nani ameacha nguo chafu humu.

Kisha ikawa kama unapomvuta mtu mzito kutoka shimoni. Alikwama, akakwama, akaja.

Mkono wangu ukatoka. Pazia lilipoinuliwa niliuona, umevimba, umevaa ngozi ya tumbo langu, una damu, uko peke yake. Lakini vidole vilikuwa vimekunjwa kuzunguka hewa. Na hewa ile ilikuwa na uzito.

Mkono ulipona. Sitasema uongo, ulipona vizuri mno. Wenzangu wa kliniki mmoja ngozi ilioza pembeni, mwingine vidole viligoma kukunjuka. Mimi ukiniambia niokote sindano kwa wangu, naokota. Kasoro ni moja tu, nikinenepa na wenyewe unanenepa, maana ngozi ile haijasahau kuwa ilikuwa tumbo. Kazini wakanirudisha kwa vigelegele.

Lakini kila giza likiingia ulikuwa unabinya wenyewe, kwa hiyo nikarudi kliniki kumwomba daktari aukate.

"Nikate nini?"

"Mkono. Mpaka hapa." Nikagusa kiwiko.

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Akawaita wanafunzi. Akawaonyesha ngozi ilivyoshika, akawaonyesha mshono, akasema haya ni matokeo mazuri kuliko yote aliyopata mwaka ule. "Na nguvu je? Hebu nibinye, mama." Akanipa mkono wake.

Nje ya dirisha giza lilikuwa linaingia. Nilimwambia, "Tufanye kesho asubuhi." Akacheka, akaushika mwenyewe.

"Mnaona? Mnaona nguvu hii?" Akawageukia wanafunzi, anatabasamu. "Haya, inatosha. Niachie."

Nikajaribu kuvikunjua vidole.

"Niachie, mama."

"Nimekuachia zamani, daktari," nikamnong'oneza.

Tabasamu likabaki mdomoni likiwa halina mwenyewe. Mkono ukamtikisa taratibu, juu na chini. Ukampapasa kwa kidole gumba. Halafu ukafunguka. Akauvuta wake haraka, akauficha mfukoni mwa koti. Aliwaambia wanafunzi ni misuli kukakamaa, akaniandikia vidonge vya kulegeza misuli. Hajanipa mkono tena tangu siku hiyo, na kuukata kakataa. Hakuna daktari atakayekata kiungo kizima, alisema. Nimejaribu wengine wawili, wimbo ni ule ule.

Sasa nikuambie la Kifaranga, maana ndilo lililonileta kusema yote haya.

Niliporudi nyumbani niliuficha mkono. Nilimnyanyua kwa wa kushoto, nikamlisha kwa wa kushoto, ule mwingine nimeufungia ndani ya kanga. Mume wangu akaona naona aibu ya kovu, akanibembeleza masikini. Mtoto ndiye aliyeufukua. Jioni moja nimesinzia mkekani, nikashtuka, kanga imefunguliwa, naye ameketi ameushika kwa vidole vyake vyote. Nilipiga kelele. Yeye akacheka.

Haukumuumiza. Haujawahi kumuumiza. Unampapasa, unampigapiga mgongoni mpaka analala, na mimi nimekaa pembeni ya mkono wangu mwenyewe natazama, sina la kufanya. Nikimbembeleza mimi, hanyamazi. Ukimgusa ule, ananyamaza. Wifi yangu anasema nina mkono wa baraka. Juzi usiku nilijaribu kuuondoa mgongoni kwake, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na aliyelia siyo mkono. Ni mwanangu.

Ameshaanza kutembea. Jana alijikwaa kizingitini, akaanguka kifudifudi, akalia kwa uchungu. Nilipiga magoti upesi, nikamnyooshea mkono wa kushoto, ule nilio na hakika nao, nikamwambia njoo, njoo kwa mama. Akainua uso umejaa machozi. Akautazama mkono wa kushoto, akanitazama mimi kidogo. Kisha akatuzunguka wote wawili, akaenda upande wa kulia, kwa ule mkono mwingine.